Toleo jipya la Ubuntu: ihoji mashine yako kwanza

Ukishapata flashi yenye Ubuntu mpya, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, mkono huwasha kubofya sehemu ya kusakinisha. Subiri. Pale mwanzoni kuna chaguo la kuujaribu mfumo bila kugusa diski, na kazi yako ya kwanza iko hapo. Wageni wengi wakiingia humo hubadilisha picha ya mandhari, hufungua Firefox, halafu husema "iko poa". Sura ya mfumo hata kwenye video utaiona. Unachotafuta ni kama mfumo huu unaelewana na mashine yako, na hilo hakuna wa kukujibia.

Nachukua mfano wa toleo la 24.04, iliyotoka Aprili 25, 2024, kwa sababu ndiyo wengi mtakayokutana nayo maofisini na vyuoni. Faili lake ni karibu GB 6, kwa hiyo ukinakiliwa na mwenzako umeokoa bando. Ila usiliamini kwa macho. Kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia amri, andika sha256sum na jina la faili, kisha linganisha herufi na tarakimu zote 64 zinazotokea na zile zilizotolewa na Ubuntu wenyewe. Faili likikatika kidogo tu wakati wa kulishusha, utahangaika mchana kutwa ukilaumu flashi.

Ukiingia kwenye jaribio, anza na waifai. Chipu za Broadcom ni wasumbufu wa siku nyingi. Nyingine hazifanyi kazi mpaka uziwekee draiva yake (programu ya kuendesha kifaa), na draiva inataka intaneti. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushea intaneti, utapata mtandao papo hapo. Kisha funga mfuniko wa mashine, kaa kidogo, ufungue. Hili watu hulipuuza, na ndilo litakalowaudhi kila siku: kuna mashine zinazolala zisiamke, au zinaamka waifai ikiwa imepotea. Chomeka projekta usikie kama sauti inatoka upande unaoutaka. Chapisha ukurasa mmoja kwenye printa ile ile unayoitumia kazini, si ya jirani.

Uzito wa mfumo usiupime hapo. Kila kitu kinasomwa kutoka kwenye flashi, lazima kiburute miguu. Hata kadi ya picha ya NVIDIA haiwezi kukuonyesha nguvu zake ikiwa bado inatumia draiva huria. Kuhusu memori, wenyewe wanataka GB 4. Kwa maoni yangu, kwenye GB 4 ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa utaanza kuomba dua. Mashine ya namna hiyo ipe Xubuntu au Lubuntu, ndugu wepesi wa Ubuntu, ukijua kwamba msaada wake ni wa miaka 3, wakati Ubuntu yenyewe inahudumiwa miaka 5.

Kama Windows inabaki humo humo, kuna mambo mawili ya kumaliza ukiwa bado ndani ya Windows. Kwanza BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski: hakikisha ufunguo wake wa kurejesha unao mahali nje ya mashine hiyo. Pili, ondoa uwashaji wa haraka (Fast Startup), kisha zima mashine kabisa. Uwashaji huo huiacha diski katika hali ya kusinzia, na Linux ikija huikuta imefungwa. Na kama Ubuntu haiioni diski kabisa, mara nyingi ni mpangilio wa Intel RST (njia ya Intel ya kusimamia diski) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Usikimbilie kuubadili kuwa AHCI, njia ya kawaida ya kuwasiliana na diski, maana Windows inaweza kugoma kuwaka; soma kwanza namna ya kuitayarisha.

Wenye toleo la zamani linalofanya kazi vizuri, msiwe na papara. Ubuntu wenyewe hawawafungulii njia ya kupanda kutoka toleo la muda mrefu (LTS, lile linalohudumiwa miaka mingi) hadi jingine mpaka marekebisho ya kwanza yatoke. Ile 24.04.1 ilipangwa Agosti 15, 2024, ikasogezwa hadi Agosti 29, na hata baada ya hapo njia ya kupandia ilisimamishwa kwa muda kwa sababu ya hitilafu. Anayelazimisha kupita kabla ya wakati anajipa kazi ya ufundi asiyolipwa.

Toleo jipya pia huja na vituko vyake vidogo. Siku za mwanzo za 24.04, ukibofya faili la .deb (programu iliyofungashwa kwa Ubuntu) ulilolishusha, duka la programu halikulisakinisha. Njia ilikuwa kufungua terminali ndani ya folda hiyo na kuandika sudo apt install ./jina-la-faili.deb. Ile nukta na mkwaju usiviache: bila hivyo apt, chombo cha kusakinisha programu, haitazami folda yako, inakwenda kuitafuta programu kwenye ghala zake na kurudi ikikwambia haipo.

Ukikuta tatizo, liripoti. Amri ya ubuntu-bug ikifuatiwa na jina la kifurushi cha programu hukusanya taarifa za mashine na kukupeleka Launchpad, tovuti ya Ubuntu ya kuripoti hitilafu, ambako utahitaji akaunti. Andika Kiingereza chepesi: ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini. "Waifai haifanyi kazi" peke yake haimsaidii mtu. Taja chipu yenyewe. Ukiandika lspci -nn utaiona kwenye orodha, na zile namba zilizo kwenye mabano ya mraba kuelekea mwisho wa mstari zinakili kama zilivyo.