Mdogo wangu, usije Ulaya kupumzika

Mdogo wangu anayefundisha Newala kaniuliza kwenye kundi la ukoo, mbele ya watu wote, na wengine wakadakia: "Dada, huku nimechoka mpaka roho. Huko Ujerumani mtu anapumzika? Na kusali mnasali, au ndiyo mmeshaacha?" Kila nikija likizo Masasi naulizwa hivyo hivyo, naishia kucheka. Leo najibu.

Tuanze na kupumzika. Wenzetu hawa Jumapili wameiweka kwenye katiba. Katiba yao ya 1949 ilibeba kifungu cha katiba ya 1919 kinachosema Jumapili na sikukuu zinalindwa kisheria, ziwe siku za kuacha kazi na kuinua roho. Na hawatanii: maduka yamefungwa, na ukitoboa ukuta na drili jirani anakuja kugonga mlango. Ila mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, hapa jimbo la Bavaria, na mzee hafungwi Jumapili. Lazima aamshwe, alishwe, ageuzwe kitandani asipate vidonda. Sheria ya saa za kazi inamtaka mwajiri akuachie walau Jumapili 15 kwa mwaka, na hizo nazipata. Lakini kulikuwa na mkuu wa zamu aliyezoea kupiga simu siku yako ya mapumziko: mwenzako kaumwa, unaweza kuja? Na mgeni, hasa mwenye kibali cha muda, anaogopa kusema hapana.

Halafu uchovu wenyewe ni mwingine. Ukitoka kupalilia mikorosho mgongo unauma, unakula ugali wako na kisamvu, unalala fofofo. Huku mwili unalala, kichwa kinabaki zamu. Desemba, saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Unakwenda kazini gizani, unarudi gizani. Unajilaza ukipiga hesabu: kodi ya nyumba, ada ya mtoto wa kaka, salfa ya mikorosho ya baba, bati za kigango. Nitasema wazi na msininunie: sehemu ya uchovu wangu ni nyinyi. Simu za Agosti na Septemba, korosho bado hazijauzwa na kila mtu kaishiwa, nilikuwa naziogopa kuliko zamu ya usiku.

Kusali tunasali. Ukihamia mji unakwenda kujiandikisha, na pale unaulizwa dini. Ukisema Mkatoliki, kodi ya kanisa inakatwa moja kwa moja. Hapa Bavaria ni asilimia 8 ya kodi ya mapato unayolipa (si ya mshahara mzima, tulieni). Wapo wanaojibu hawana dini ili kuokoa hizo euro. Siwahukumu, mimi nilisema Mkatoliki. Misa yenyewe ni ya wazee wachache waliokaa na makoti yao, hakuna vigelegele wala ngoma, na padre ameshatubariki kabla hujapata joto.

Na utapewa ushauri, mdogo wangu, hata na Watanzania wenzetu wa huku: ukichoka ongeza maombi, funga, kesha. Mimi siukubali. Mtu katoka zamu ya usiku, kumwambia akeshe tena ni kumpangia zamu ya pili, na safari hii msimamizi ni Mungu. Yesu hakusema njoni kwangu mlioelemewa na mizigo niwaongezee. Wanafunzi waliporudi wamechoka, watu wanawazonga hata nafasi ya kula hawana, aliwaambia twendeni mahali pasipo na watu mkapumzike kidogo. Iko Marko sita.

Kilichonishika mimi ni Zaburi ya 127. Niliisoma kwenye simu katika chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Inasema kazi yenu ni bure, ninyi mnaoamka mapema na kuchelewa kulala na kula chakula cha taabu. Yeye humpa mpenzi wake usingizi. Humpa! Nilikuwa naiba usingizi, saa mbili hapa, saa tatu pale, na nikilala najisikia mkosaji kwa sababu kuna mtu Masasi anasubiri nitume. Kumbe ukoo wetu una Mwokozi tayari, na si mimi. Kazi hiyo ilishachukuliwa.

Kingine ni habari ya bibi. Mnakumbuka alikuwa Mwanglikana wa Masasi kabla hajaolewa Ndanda, na alipenda kusimulia kwamba misheni yao ilianza 1876, Askofu Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani. Sasa soma Kumbukumbu la Torati sura ya tano. Sabato pale wanapewa watu waliotoka utumwani Misri, kwa sababu hiyo hiyo, na wanaambiwa mtumishi apumzike, na mgeni aliye ndani ya malango yako apumzike. Huyo mgeni ni mimi. Kwa hiyo yule mkuu wa zamu alipopiga tena, nilimwambia leo siji. Aliitikia tu, akakata simu.

Siku yangu ya mapumziko simu ya ukoo naizima. Hela natuma mara moja, mwisho wa mwezi. Na Jumapili moja nikitoka kazini usiku kucha nilipitia misa ya asubuhi, nikalala tangu somo la kwanza. Mzee wa kikapu cha sadaka aliruka benchi langu akipita kwa kunyata. Yesu mwenyewe alilala kwenye mto mashua ikijaa maji, na Marko hakuona aibu kuliandika.

Sisemi imani ni dawa ya kila uchovu. Usingizi ukikata wiki baada ya wiki, chakula hakipandi, unatamani usiamke, hapo ni daktari, na kwenda kwa daktari si kumkana Kristo. Nimeona wenzangu huku wakificha hilo mpaka wakarudishwa nyumbani.

Ukitaka kuja kufanya kazi, njoo, nitakusaidia karatasi na lugha. Ila uchovu ulionao utapanda nao ndege. Shule zikifunga nenda kwanza Ndanda. Watawa Wakatoliki wa Kibenediktini wako pale tangu 1906, na kanuni yao inasema kengele ya sala ikilia mtawa aache alichonacho mkononi, hata kama hakijaisha. Omba chumba kwenye nyumba ya wageni, kaa siku mbili tatu. Madaftari ya kusahihisha uyaache Newala.