Maswali na majibu: Albamu za roki zilizostahili makubwa zaidi

Safari hii barua karibu zote zimeelekea upande mmoja: glamu roki, yaani roki ya wanamuziki waliojipamba na kuvaa nguo za kumetameta, na roki nzito, hasa zile albamu ambazo hazitajwi tajwi. Nimefurahi sana, maana huu ndio muziki ninaoupenda kuliko wote. Twende moja kwa moja.

Shikamoo. Nimeanza kupenda roki nzito mwaka huu. Kila orodha ninayoikuta ina Kiss, Def Leppard na Guns N' Roses. Nataka kuchimba zaidi lakini sijui pa kuanzia. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Anza na mtoto wa Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Zile nyimbo za Queen zinazopigwa viwanjani kila mtu anazijua. Ila albamu yao ya pili, "Queen II" ya Machi 1974, hata wapenzi wengi wa kundi hilo hawajawahi kuisikiliza mwanzo hadi mwisho. Kwangu mimi hawakuwahi kutoa kazi nzito kuliko ile.

Santuri yake haina upande A na upande B. Ina Upande Mweupe, ambao karibu wote ni tungo za mpiga gitaa Brian May, na Upande Mweusi, ambao wote ni wa Mercury. Anza na huo Mweusi, na kama una spika za masikioni, zivae. Wimbo wa kwanza, "Ogre Battle", unafunguka kwa sauti zinazokwenda kinyumenyume: walichukua mwisho wa wimbo, wakaugeuza mkanda, ukawa mwanzo. Kisha gitaa linaingia na rifu, yaani ule msemo mfupi unaojirudia na kubeba wimbo mzima, nayo haikupi nafasi ya kupumua. Ukifika "The March of the Black Queen" utasikia sauti za waimbaji watatu zimepangwa tabaka juu ya tabaka mpaka zinakuwa kwaya kamili. "Bohemian Rhapsody" ilitoka mwaka uliofuata, 1975. Ukishausikia upande huu, utajua ilikotokea.

Kaka yangu ni mtu wa hevi metali, ile roki nzito ya magitaa makali. Anasema wanaume waliopaka wanja na kuvaa nguo za kumetameta walikuwa wa kuchezesha watoto disko tu, si wanamuziki. Nimjibu nini? (Msomaji, Tanga)

Mwambie kwanza kwamba miaka hiyohiyo ya 1970 vijana wa miji yetu walitembea na bugaluu na raizoni, na hakuna aliyeacha kufanya kazi yake vizuri kwa sababu ya viatu. Kisha mwekee "Sweet Fanny Adams" ya Sweet, kundi la Uingereza, iliyotoka 1974.

Sweet walikuwa na nyimbo nyingi zilizotamba, lakini zilitungwa na watu wawili wa nje ya kundi, Nicky Chinn na Mike Chapman. Hapo ndipo sifa ya "vijana wa kupangiwa" ilipotoka. Kwenye albamu hii mambo ni tofauti: kati ya nyimbo tisa, Chinn na Chapman wana mbili tu, na nyingi ya zilizobaki ni za kundi lenyewe. Wimbo wa kwanza, "Set Me Free", una kasi na gitaa kali kiasi kwamba Saxon, kundi la metali kweli kweli, waliurekodi upya mwaka 1984. Kaka yako bila shaka anawajua Saxon.

Kuna jambo jingine la kusikilizwa kwa makini. Mapema mwaka ule mwimbaji wao, Brian Connolly, alishambuliwa mtaani na kuumizwa koo. Kwa hiyo baadhi ya nyimbo ziliimbwa na mpiga besi Steve Priest na mpiga gitaa Andy Scott. Sauti zinabadilika katikati ya albamu, na bado kitu kizima kinasimama. Kundi la kupangiwa lisingeweza kuvuka pigo la namna hiyo.

Na wanawake je? Au wote walikuwa wapambe tu? (Msomaji, Eldoret)

Hapana hata kidogo. Tafuta Fanny, kundi la wanawake watupu lililoanzia California, na albamu yao "Mothers Pride" ya 1973, iliyotayarishwa na mwanamuziki wa Marekani Todd Rundgren. Madada wawili wa kundi hilo, June na Jean Millington, walizaliwa Manila, Ufilipino. Kisha tafuta Girlschool wa Uingereza na "Play Dirty" ya 1983. Watayarishaji wake ni Noddy Holder na Jim Lea wa Slade, kundi la glamu la Uingereza, na glamu ya Slade imo humo kwenye viitikio vyote vikubwa vikubwa.

Kwa nini albamu nzuri hufa? Si kitu kizuri hujiuza? (Msomaji, Arusha)

Msemo huo wa kizuri chajiuza haujawahi kuwa kweli katika biashara ya muziki.

Chukua Hanoi Rocks, vijana wa Helsinki, Finland. Mwaka 1984 walitoa "Two Steps from the Move" kwa kampuni ya rekodi ya CBS, wakiwa na Bob Ezrin kama mtayarishaji, yule aliyewatengenezea Alice Cooper na Kiss albamu zao kubwa. Kila kitu kilikuwa tayari. Walikuwa Marekani mwezi wa Desemba pale mpiga ngoma wao, Mwingereza Nicholas Dingley aliyeitwa Razzle, alipofariki kwenye ajali ya gari huko California. Dereva alikuwa Vince Neil, mwimbaji wa kundi la Mötley Crüe, naye alikuwa amelewa. Razzle alikuwa na miaka 24. Mwaka uliofuata kundi likavunjika. Guns N' Roses waliwaheshimu kiasi cha kuzitoa upya albamu zao kupitia lebo yao wenyewe, lakini wakati huo hakukuwa tena na kundi la kwenda kuziuza jukwaani. Isikilize albamu ile leo: ina furaha na huzuni katika mstari mmoja, na ngoma za Razzle zinasukuma kila wimbo mbele bila kujionyesha.

Au Badlands. Mpiga gitaa Jake E. Lee alifukuzwa kwenye kundi la mwimbaji Ozzy Osbourne mwaka 1987, akaunda Badlands na mwimbaji Ray Gillen, ambaye alikuwa amepitia kundi la Black Sabbath kwa muda mfupi. Albamu yao ya kwanza, "Badlands" ya 1989, imesimama juu ya bluzi kuliko kitu chochote kilichokuwa kikipigwa redioni mwaka ule. Gillen ana koo ambalo linaweza kunong'ona na kupasua ndani ya pumzi moja. Alifariki Desemba 1993 kwa maradhi yanayotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 34. Albamu zenyewe zikakaa miaka mingi bila kuchapishwa tena.

Wengine walikosea saa tu. Tyketto, kundi la Marekani, walitoa "Don't Come Easy" mwaka 1991, mwaka uleule ambao Nirvana, kundi la roki isiyo na mapambo, walitoa "Nevermind". Kufikia Januari 1992 Nirvana walikuwa nambari moja Marekani, na vijana wenye nywele ndefu zilizopuliziwa dawa hawakuwa na pa kwenda. Nyimbo za Tyketto hazikuharibika usiku mmoja. Mwimbaji wao, Danny Vaughn, anaziimba kama mtu aliyepewa nafasi moja tu maishani, na ukweli ni kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Afrika tulikuwa na roki nzito, au ni ya Wazungu tu? (Msomaji, Lusaka, mzaliwa wa Mbeya)

Wewe unakaa palepale ilipotokea! Zambia ya miaka ya 1970 ilizaa Zamrock: gitaa lenye mkwaruzo mzito, Kiingereza na lugha za nyumbani katika wimbo mmoja. Si glamu kwa maana halisi, ingawa Emanuel Chanda wa kundi la WITCH alijulikana kwa jina la Jagari, lililotokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, na jukwaani alitimiza deni la jina hilo. Tafuta "Lazy Bones!!" yao ya 1975, na "Africa" ya Amanaz ya mwaka huohuo. Baadhi ya makundi hayo yalisafiri hadi Nairobi kurekodi, kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki tunahusika. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukabana, na ukafuata UKIMWI uliochukua wengi wao. Miongo kadhaa baadaye santuri hizo zilichapishwa upya nje. Jagari alirudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, "Zango".

Nizipate wapi, na nitajuaje toleo zuri? (Msomaji, Muscat)

Nyingi zipo kwenye huduma za muziki za intaneti. Kama hupati, tafuta diski au santuri za mitumba mtandaoni, na muulize muuzaji mwaka wa toleo, si mwaka wa albamu. Matoleo mengi ya upya yamepandishwa sauti hadi ngoma na gitaa vinagongana, na raha yote inapotea. Ukipata chapa ya zamani isiyo na mikwaruzo, ichukue.

Angalia pia orodha ya nyimbo. "Sweet Fanny Adams" ya asili ina nyimbo tisa. Ukikuta diski yenye "The Ballroom Blitz" mwishoni, hiyo ni nyongeza. Sikiliza zile tisa kwanza, kwa mpangilio wake, ndipo uendelee na zilizobaki.