Kuhusu ovari zako, mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza: kama daktari anaondoa kizazi chote kwa ajili ya saratani ya ukuta wake wa ndani, kwa nini anasema ovari, yaani vifuko vya mayai, anaweza kuziacha, na je, ukubali? Shangazi yako anasema zitolewe zote, yaishe.

Enzi zangu za uuguzi ndivyo ilivyokuwa. Kizazi, mirija na ovari vilitoka pamoja, mgonjwa awe na miaka 65 au 35. Ovari ndizo zinazotoa estrojeni, na saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi mara nyingi hulishwa na homoni hiyo. Tena kwa wanawake vijana wakati mwingine hukutwa saratani nyingine imejificha kwenye ovari hizo hizo.

Lakini wewe una miaka 37. Zikitoka, hedhi haikomi taratibu kama ilivyokoma yangu. Joto la ghafla, usingizi kupotea, ukavu ukeni, vyote vinakuja kwa mkupuo, na baadaye mifupa hudhoofu na moyo huwa hatarini zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 3,269 wasiozidi miaka 45, wote saratani yao ikiwa hatua ya kwanza. Walioachiwa ovari walikuwa 402, na haikuonekana kwamba kuachiwa kulifupisha maisha yao.

Siku hizi miongozo ya Ulaya inakubali ziachwe kwa mwanamke wa chini ya miaka 45 ambaye hajakoma hedhi, ikiwa saratani ni ya aina ya endometrioidi, ile inayopatikana zaidi, na ya daraja la chini, yaani isiyo kali, haijapenya nusu ya msuli wa kizazi, na ovari zenyewe hazina dalili ya ugonjwa. Mirija inatolewa hata hivyo. Muombe daktari akuonyeshe majibu ya biopsi, kile kinyama kilichokatwa kupimwa, na ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili, akusomee hayo moja moja. Na kwenye fomu ya ridhaa kubali kwamba akikuta ovari ina kasoro, aitoe.

Usidanganywe kwamba zinaachwa ili uzae. Kizazi kikishatoka hubebi mimba. Wanaosema hivyo wanachanganya na tiba ya projestini, dawa ya homoni ambayo hukibakiza kizazi, nawe ulishasema watoto ulionao wanatosha.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Babu yako mzaa baba alikufa kwa saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 50, na dada yake alikufa kwa saratani ya kizazi. Kuna kasoro ya kurithi iitwayo sindromu ya Lynch inayoleta saratani hizo mbili, na ya ovari pia. Inapita kwa baba sawasawa na kwa mama, ingawa watu hudhani mambo ya kizazi ni ya upande wa mama tu. Ukiwa nayo, ovari zitoke, hapo nitakuwa upande wa shangazi yako. Mweleze daktari habari hizi kabla ya operesheni, uombe kinyama kile kile cha biopsi kipimwe protini zinazoashiria kasoro hiyo. Wala hutachomwa tena.

Majibu yakiwa safi na hayo masharti mengine yakitimia, ningekuwa wewe ningeziacha.

Shangazi yako niachie mimi. Naye ni mtoto wa babu yako, inabidi akachunguzwe utumbo.

Mama yako