Jibu: Bacula inakwama kwenye mashine ya pili

Mkuu, umesema seva yako ya Bacula (programu ya bakapu, yaani kuhifadhi nakala za data) inajifanyia bakapu bila shida, na amri ya "status client" inapata jibu toka mashine ya pili (klayenti), ila kazi ya bakapu yenyewe inaning'inia ikisubiri Storage (sehemu inayohifadhi data). Basi achana na nywila za Director (sehemu ya Bacula inayoongoza kazi) na klayenti. Zingekuwa zimepishana usingepata hata hilo jibu.

Fungua bacula-dir.conf (faili la mipangilio la Director), sehemu ya Storage, uangalie Address. Nadhani utakuta localhost, jina ambalo kila mashine hujiita yenyewe. Data haipitii kwa Director hata kidogo: Director huipa klayenti anwani hiyo, halafu klayenti huifuata Storage Daemon (programu inayoipokea na kuihifadhi data) moja kwa moja kwenye poti 9103. Ikipewa localhost, inajigongea mlango yenyewe! Weka IP ya seva, au jina ambalo klayenti inalitambua, na ufungue 9103 kwenye fayawoli ya seva. Kwenye bacula-sd.conf nako, kama SDAddress ni 127.0.0.1 (localhost hiyohiyo kwa namba) ibadilishe, kisha uiwashe upya Storage Daemon. Hapa wengi hupasahau.

Kagua mipangilio kwa bacula-dir -t -c /etc/bacula/bacula-dir.conf, ndipo upige reload ndani ya bconsole (dirisha la amri la Bacula).

Bakapu ikikamilika, jaribu restore (kurejesha) ya faili moja kwenda /tmp, uilinganishe na ya asili.