"Mlituchagulia Nani?"

Mwaka 2017 nilipanga foleni tangu alfajiri kupiga kura ya mchujo, ile ya kuchagua mgombea wa chama, katika wadi yetu hapa Kenya. Mwaka 2022 chama kilifuta mchujo, nikaitwa ukumbini kama mjumbe wa kuchagua mgombea kwa niaba ya wanachama. Tulikuwa watu 30 hivi. Njia zote mbili nimezipitia, na kwa wanaojiandaa kwa Agosti 2027 nasema: ukiambiwa wajumbe ndio watakaoamua, uliza kwanza wametoka wapi.

Kwetu ni ngome ya chama hicho. Anayepata tiketi ya chama Aprili ndiye MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Agosti tunathibitisha tu. Kwa hiyo siku ile watu 30 tulichagua mwakilishi wa maelfu. Na mimi hakuna aliyenichagua! Mratibu wa chama alinipigia simu usiku, akaniambia nivae vizuri. Kesho yake mama anayeniuzia sukuma wiki aliniuliza, "Mlituchagulia nani?" Alikuwa kwenye foleni ile ya 2017, watu watatu mbele yangu. Swali lake bado linanichoma.

Mchujo nao una kasoro zake. Mwaka ule karatasi za kura zilifika alasiri, wazee wakiwa wamesharudi nyumbani. Sajili ya wanachama haikuonekana, kwa hiyo kila mwenye kitambulisho alipiga kura, hata wafuasi wa wapinzani. Hata hivyo, foleni ile mwenye pesa asingeweza kuinunua yote. Ukumbini, bahasha 30 zinatosha.

Sheria ya Vyama vya Siasa, baada ya marekebisho ya 2022, inakubali njia zote mbili, hivyo pigania mapema orodha ya wanachama na ya wajumbe. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uangalie umeandikishwa chama gani. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta kwenye vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Ukikuta kosa, jiondoe sasa. Anayefikiria kuwa mgombea huru awe makini zaidi: Katiba inamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na akingoja kuporwa tiketi ndipo ahame, huenda muda umempita.

Halafu kuna uchaguzi wa chama wa mashinani, ule ambao watu huupuuza kwa kuwa hauna shamrashamra. Nenda. Wajumbe wanapaswa kutoka hapo, na usipokwenda, mratibu atawatafuta kwa simu.

Mratibu wetu nimeshamwambia: nikiitwa tena, nitaingia ukumbini iwapo tu majirani wamekutana wakanituma, na jina la kutaja wamenipa wao.