Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Gemu Inayojianzisha Upya

SWALI: Nina ukumbi mdogo wa michezo mjini Tanga. Mashine yangu moja ya gemu, ya kabati la mbao na skrini ya zamani yenye kisogo, huwaka vizuri, lakini ikichezwa kwa takriban robo saa mchezo hukatika na kuanza upya wenyewe. Fundi alipima saplai ya umeme akapata volti 5.02, akaniambia bodi, yaani ubao wa chipu unaoendesha mchezo, imekufa na ninunue nyingine. Je, nifuate ushauri wake?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue bodi bado. Kipimo cha fundi ni sahihi, lakini alipima kwenye skrubu za saplai, ilhali kati ya saplai na bodi kuna waya, viungo na meno ya soketi, na kila kimojawapo hupunguza volti kidogo. Mashine nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1985 hufuata mpangilio wa Kijapani uitwao JAMMA, ambao soketi yake ina meno 56, yaani 28 kila upande. Meno ya 3 na ya 4 ya kila upande hubeba volti 5. Mawili ya mwanzo na mawili ya mwisho ni ya hasi. Hapo ndipo pa kupima, kwenye bodi yenyewe, mchezo ukiwa unaendelea.

Chipu za bodi hizo kwa kawaida huhitaji volti kati ya 4.75 na 5.25. Bodi ikivuta ampea 5 kupitia kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 tu, volti 0.25 hupotea njiani, na 5.02 yako inabaki 4.77. Kiungo kikipata joto ukinzani huongezeka, volti zikashuka chini ya mpaka, na hiyo ni sababu ya kutosha ya tatizo kungoja robo saa.

Kisha fundi aweke ncha moja ya mita kwenye skrubu ya hasi ya saplai na ya pili kwenye hasi ya bodi, mashine ikiwa bado inafanya kazi. Wengi hukagua waya wa chanya peke yake, nami nausisitiza huu wa hasi kwa sababu umeme wote unaoingia kwenye bodi lazima urudi kupitia huo. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.1, njia hiyo ina kasoro. Zima mashine, chomoa plagi, kisha tazama meno ya soketi: yaliyogeuka rangi ya kahawia yameungua, na hewa ya pwani yenye chumvi huharakisha kutu. Meno ya bodi yasafishwe taratibu kwa kifutio cha penseli na spiriti. Soketi iliyoungua ibadilishwe, na nyaya za volti 5 na za hasi ziwe nene.

Usikubali mtu akuongezee volti kwa kuzungusha skrubu ya kurekebishia iliyo kwenye saplai huku kiungo kibovu kikiachwa. Kiungo kitazidi kuungua, na siku kitakaposafishwa bodi itapokea volti zilizopita kiasi na chipu zitakufa kweli.

Mkono wowote usikaribie nyuma ya skrini, hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa kuwa bomba la picha huweza kuhifadhi maelfu ya volti.

SWALI: Nikigusa mlango wa sarafu wa mashine yangu ya gemu nikiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, nahisi umeme ukinichoma kidogo. Je, ni jambo la kawaida?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si jambo la kuvumilia. Chomoa mashine sasa, na mteja yeyote asiiguse. Saplai za kisasa zina kapasita ndogo zinazopeleka umeme kidogo kwenye chuma, na waya wa erthi, yaani ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ukikosekana chuma hicho hubaki na volti hadi mtu atakapokigusa. Huenda pia waya wa moto umechubuka na kugusa chuma, na hilo huua. Chanzo mara nyingi ni waya wa kuongezea wenye nyaya mbili tu, au soketi ya ukutani ambayo tundu lake la juu halikuunganishwa popote. Fundi wa umeme mwenye leseni akague erthi ya jengo, aiunganishe na saplai, mlango wa sarafu na fremu ya skrini, kisha apime kwa mita kutoka kila chuma hadi pini ya erthi ya plagi kabla mashine haijawashwa tena.