Lansdowne, Pennsylvania: majibu kwa mnaouliza habari za vitongoji vya Marekani

Ndugu zetu mlioko nyumbani mnauliza maswali yanayofanana. Hicho kitongoji cha nje ya Philadelphia ni mji au kijiji? Zile nyumba za mbao zenye bustani mbele, mtu wa kipato cha kawaida anazimudu? Mtoto akifika anaanza shule lini? Inawezekana kuishi bila gari? Tutajibu kwa kutumia mji mmoja tunaoufahamu vizuri, Lansdowne, katika kaunti ya Delaware, jimbo la Pennsylvania. Mengi ya hapa mtayakuta hata mkienda mji mwingine wa jimbo hili.

Lansdowne ina watu takriban 11,000 na eneo la kilomita za mraba 3 hivi. Unaivuka kwa miguu bila kutoka jasho. Ilijitenga na Upper Darby mwaka 1893 ikawa na mamlaka yake, na mpaka leo ina meya, baraza la madiwani, polisi na sheria ndogo zake. Majirani zake, Yeadon na East Lansdowne, nao kila mmoja ana vyake. Kaunti nzima ina mamlaka 49 za namna hii, na jimbo lina zaidi ya 2,500. Kwa aliyezoea jiji lenye halmashauri moja kwa mamilioni ya watu, hili ndilo jambo la kwanza la kulielewa: hapa mstari wa mpaka, ambao wala hauonekani barabarani, ndio unaoamua mtoto wako atasoma wapi, kodi yako itakuwa kiasi gani, taka zako zitazolewa siku gani na polisi gani atakuja ukipiga simu.

Na mpaka huo unadanganya. Namba ya posta 19050 inaandikwa "Lansdowne", lakini inatumika pia Yeadon, East Lansdowne na sehemu ya Upper Darby. Tangazo la nyumba likisema Lansdowne 19050, usiamini mpaka umeuliza: kodi ya majengo ya nyumba hii inalipwa mamlaka gani, na shule ni za wilaya gani ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo hilo? Jibu la uhakika liko kwenye kumbukumbu za majengo za kaunti, ambazo ziko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti. Unaandika anwani, unaona mamlaka, wilaya ya shule na thamani waliyoikadiria. Ni kazi ya dakika tano, na inashangaza ni wangapi wanasaini mkataba bila kuifanya.

Sasa kodi ya majengo, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Mmiliki wa nyumba analipa sehemu tatu: kaunti, mji na wilaya ya shule. Ya shule ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa Lansdowne, nyumba ya kawaida ya familia huvuka kirahisi dola 7,000 kwa mwaka kwa jumla. Chukua 7,200: hiyo ni dola 600 kila mwezi juu ya rejesho la mkopo, na haiishi hata ukimaliza kulipa nyumba. Benki kwa kawaida huikusanya pamoja na rejesho na kulipa kwa niaba yako, lakini kodi ikipanda, rejesho nalo linapanda mwaka unaofuata, na watu hulalamika benki imewaibia kumbe ni kodi. Anayelipa mwenyewe azingatie kalenda: bili za mji na kaunti huja mwanzoni mwa mwaka, ya shule huja Julai. Ukilipa ndani ya miezi miwili unapata punguzo la asilimia 2; miezi miwili inayofuata unalipa bili kamili; baada ya hapo inaongezwa faini ya asilimia 10. Ukiiacha bila kulipa, deni linakwenda kaunti na mwishowe nyumba inapigwa mnada, hata kama mkopo wa benki umekwisha.

Kuna nafuu moja ambayo wageni hawaambiwi. Anayeishi kwenye nyumba anayoimiliki anaweza kuomba sehemu ya thamani yake iondolewe kwenye kodi ya shule; fedha zake zinatokana na mapato ya kamari ya jimbo. Fomu inapelekwa ofisi ya kaunti kabla ya Machi 1. Unajaza mara moja, hulipii chochote, na dalali anayetaka hela kukujazia huna sababu ya kumlipa.

Kwa nini kodi ni kubwa hivyo katika mji usio wa matajiri? Lansdowne imo katika wilaya ya shule ya William Penn, pamoja na Aldan, Colwyn, Darby, East Lansdowne na Yeadon. Miji hii haina viwanda wala maduka makubwa ya kutozwa kodi, hivyo mzigo wa shule unawaangukia wenye nyumba. Wanalipa kwa kiwango cha juu kuliko vitongoji vya kitajiri vilivyo dakika chache kutoka hapo, na bado shule zao zinapata fedha pungufu kwa kila mtoto. Wilaya hii na nyingine tano, pamoja na wazazi, zililishtaki jimbo mwaka 2014. Februari 2023 mahakama iliamua kwamba mfumo wa kugharimia shule wa Pennsylvania unavunja katiba ya jimbo. Tangu bajeti ya 2024 fedha zimeanza kuongezwa, lakini pengo la miaka mingi halizibwi kwa bajeti moja. Tunaisema habari hii kwa sababu mnasikia "shule za Marekani" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Walimu wazuri wapo William Penn, na vijana wanatoka Penn Wood, sekondari ya wilaya hii, wakaenda vyuo vizuri. Ila mzazi lazima afuatilie mwenyewe kwenye mikutano ya walimu na kuuliza juu ya masomo ya ngazi ya juu, bila kungoja aambiwe.

Kumwandikisha mtoto kwenyewe si kugumu. Unahitaji uthibitisho wa umri (cheti cha kuzaliwa au pasipoti), uthibitisho wa anwani (mkataba wa pango, bili ya umeme), kadi ya chanjo, na tamko la mzazi linaloeleza kama mtoto amewahi kufukuzwa shule kwa silaha, dawa za kulevya au vurugu. Karatasi zikikamilika, shule inapaswa kumpokea ndani ya siku 5 za kazi. Shule haina ruhusa ya kumkatalia mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982. Kinachochelewesha wengi ni chanjo. Kadi ya kliniki ya nyumbani iliyochanika au isiyosomeka inamfanya mtoto achomwe upya, kwa hiyo kabla ya safari ipelekeni kituo cha afya iandikwe vizuri, tarehe kamili na jina la kila chanjo, kisha piga picha mbili tatu.

Kwa mpangaji, sheria za Pennsylvania ziko wazi. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba hawezi kudai amana inayozidi kodi ya pango ya miezi miwili. Kuanzia mwaka wa pili haizidi mwezi mmoja. Ukihama ana siku 30 za kukurudishia, au kukupa orodha ya uharibifu anaokukata. Lakini haki hiyo inategemea wewe kumwachia anwani yako mpya kwa maandishi, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha: wanarudisha funguo kwa mdomo na kuondoka. Piga picha kila chumba siku ya kuingia, hasa sakafu, jiko na bafu.

Nyumba zenyewe ni nzuri kwa macho. Nyingi zilijengwa kati ya miaka ya 1880 na 1920, zina baraza pana na miti mikubwa mbele. Mti mmoja wa mjini, wa aina inayoitwa sycamore, unakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 300. Uzee huo una gharama. Bomba la majitaka kutoka nyumbani hadi bomba kuu la mtaa ni lako, na mengi ni ya udongo wa kuchoma, ambayo mizizi ya miti hiyo hiyo hupenya kwenye maungio. Kabla ya kununua, lipia mkaguzi apitishe kamera ndani ya bomba. Ni mamia ya dola, wakati kulichimba ni maelfu. Muulize pia kuhusu nyaya za umeme za zamani zisizo na waya wa ardhini, ambazo kampuni nyingi za bima huzikataa, na rangi yenye madini ya risasi: nyumba ya kabla ya 1978, muuzaji au mwenye nyumba anatakiwa kukueleza anachokijua. Wenye watoto wanaotambaa msilipuuze hili, maana vumbi la rangi hiyo kwenye madirisha linaharibu ubongo wa mtoto.

Pima na radoni, gesi yenye mionzi, isiyo na harufu, inayopanda kutoka ardhini na kujikusanya kwenye chumba cha chini ya ardhi. Kipimo kikifika 4 kwa vizio vinavyotumika hapa, serikali inashauri uweke bomba na feni ya kuitoa nje. Lansdowne ina sababu ya ziada ya kuheshimu vipimo: kuanzia 1924 hadi 1944 profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Dicran Hadjy Kabakjian, alikuwa akisafisha radiamu, metali yenye mionzi, kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, katikati ya makazi ya watu. Nyumba ilisafishwa mwaka 1964, familia nyingine ikaishi humo, na miaka ya 1980 ikaonekana bado ina mionzi. Serikali kuu ilibidi iibomoe na kubeba udongo wake.

Kuhusu gari. Lansdowne ina kituo cha treni kwenye njia ya SEPTA, shirika la usafiri wa umma la hapa, iendayo Media na Wawa, na katikati ya Philadelphia ni kati ya dakika 20 na 30. Anayefanya kazi ya mchana mjini anaweza kuishi bila gari kabisa. Ila nje ya saa za msongamano treni hupita kama mara moja kwa saa, na usiku wa manane hakuna. Wenzetu wengi huanzia kwenye kazi za kuhudumia wazee, zenye zamu za usiku, katika nyumba zilizotawanyika. Kwa hizo gari halikwepeki. Leseni ya nyumbani ikiwa hai inakubalika hadi mwaka mmoja tangu uingie nchini. Kupata ya Pennsylvania unapimwa afya, unafanya mtihani wa maswali 18 na kupata angalau 15, kisha wa barabarani. Wengi hufeli mwanzoni kabisa, kwenye kuegesha kati ya nguzo: nafasi ya futi 24 kwa 8, jaribio moja, marekebisho yasiyozidi matatu. Na kumbukeni, ukifanya kazi ndani ya Philadelphia jiji linakata takriban asilimia 3.4 ya mshahara hata kama unalala Lansdowne.

Ofisi hiyo hiyo ya leseni inaweza kukuuliza kuhusu kujiandikisha kupiga kura. Kama si raia, jibu ni hapana, na usome skrini mpaka mwisho kabla ya kubonyeza. Kujiandikisha kwa bahati mbaya kumewaharibia watu maombi ya uraia, na wengine wamefukuzwa nchini.

Hiyo haina maana kwamba huna sauti. Mkutano wa baraza la mji uko wazi, na sheria ya jimbo inampa kila mkazi haki ya kusema humo, raia au si raia. Unasimama, unataja jina na anwani, unaeleza taa ya mtaani isiyowaka. Meya hana nguvu mnazodhani: anasimamia polisi na hupiga kura pale madiwani wanapogawana sawa, shughuli za kila siku anaziendesha meneja aliyeajiriwa na baraza. Ukitaka jambo lako liende, anza kwa meneja.

Majirani ni watu wema, lakini hawabishi hodi bila taarifa, na ukibisha wewe watashtuka. Urafiki hapa unajengwa kwa kuonekana pahali pamoja: soko la wakulima Jumamosi, maktaba, kusafisha theluji. Theluji ya njia ya miguu mbele ya nyumba ni wajibu wako, mara nyingi ndani ya saa 24 baada ya kukoma; ukimsafishia na bibi wa jirani, umejulishwa mtaa mzima. Waafrika wa eneo hili wengi wanatoka Liberia, Ghana, Nigeria na Sierra Leone. Wasemao Kiswahili ni wachache, na tunakutana zaidi misibani na kwenye ibada.

Unga wa ugali upo. Nenda maduka ya Waafrika ya Upper Darby au kusini-magharibi mwa Philadelphia uulize unga mweupe wa mahindi. Ule wa Walatino unaoitwa masarepa umeshapikwa na masa harina umetiwa chokaa; vyote viwili havisongi. Dagaa na mchele mtavipata kwa Wahindi na Wavietnam. Majani ya kisamvu yapo yamegandishwa, yametwangwa tayari, kwa Waliberia.